Waliomo tumboni: ninachopenda na nisichopenda katika hadithi za kumezwa

Wasukuma wanalo zimwi liitwalo Shing'weng'we. Lilivamia kijiji likameza watu wote pamoja na mifugo yao. Akabaki mwanamke mmoja tu, mjamzito, aliyejificha kwenye makapi. Huyo akajifungua mtoto wa kiume, jina lake Masala Kulangwa. Mtoto alipopata akili akauliza: baba yangu yuko wapi, na watu wengine wa hapa wako wapi? Mama akamweleza. Tangu hapo kijana hakutulia. Akaua panzi, akamletea mama: huyu ndiye? Siye. Akaleta ndege. Siye. Akaleta swala. Siye. Mpaka siku alipokutana na zimwi lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, na wote waliomezwa wakatoka wakiwa hai, baba yake akiwa miongoni mwao.

Hadithi za kumezwa ziko karibu kila pembe ya dunia, nami nazipenda kwa dhati. Siku hizi fantasia za aina hii zimekuwa utanzu kamili, wenye wapenzi wenye mapendeleo makali. Wapo wasiotaka kuona jino likigusa mwili: anayemezwa ashuke kooni mzima na atoke mzima. Wapo wanaotaka hatari iwe ya kweli, pasiwe na uhakika wa kutoka. Wengine wanataka mmezaji awe kiumbe chenye akili, kinachosema na kujuta. Wengine wanataka awe mnyama mwenye njaa tu. Zipo pia zinazoandikwa kwa ajili ya matamanio ya watu wazima, na hizo si mada ya makala haya. Ninazozisema ni zile ambazo bibi anaweza kumsimulia mjukuu, na mjukuu akiwa mtu mzima akazirudia akakuta zina jambo jipya la kumwambia.

Katika hizo nina kipimo kimoja. Nauliza: je, hadithi hii inawakumbuka waliomo tumboni? Ikiwakumbuka, nitaisamehe mengi. Ikiwasahau, hata zimwi lake liwe la kutisha namna gani, naifunga.

Tumbo liwe mahali

Jambo la kwanza ninalolipenda ni tumbo lenye maisha ndani yake. Wazulu wana hadithi ya Unanana-bosele, ambayo Henry Callaway aliiandika katika miaka ya 1860 kutoka vinywani mwa wasimuliaji wenyewe. Unanana ni mwanamke ambaye wanawe wawili walimezwa na tembo mwenye pembe moja alipokuwa ameenda kutafuta kuni. Aliporudi hakukaa kulia. Alipika chakula, akachukua kisu, akaenda kumtafuta huyo tembo, akiuliza njia kwa kila mnyama. Tembo akammeza naye pia.

Ndani akakuta misitu, mito mikubwa na vilima. Akakuta watu na vijiji, mbwa na ng'ombe. Na wanawe wakiwa wamekaa humo, wana njaa. Akawauliza kwa nini hawajala, ilhali nyama imewazunguka pande zote. Akawasha moto, akakata ini la tembo, akachoma, akawalisha. Wengine wakaona, nao wakafanya vivyo hivyo. Tembo akaugua, akafa. Unanana akapasua njia kwa kisu, wakatoka ng'ombe, mbuzi, mbwa na watu, kila kiumbe kikifurahi kwa sauti yake kuiona nchi tena.

Ona nguvu ya hadithi hii. Watu walikuwa humo siku zote, nyama walikuwa nayo siku zote, lakini hakuna aliyethubutu kukata. Mama mmoja aliyeingia kwa hiari yake, akijua anachokitafuta, ndiye aliyewafumbua macho. Sijui hadithi nyingine inayoeleza kwa wepesi kiasi hicho jinsi watu wanavyoweza kuzoea kifungo hadi wakasahau kwamba mfungaji naye ana ini.

Lucian wa Samosata, aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya pili, alifanya jambo la jinsi hiyo katika kitabu chake cha safari za uongo. Nyangumi anameza merikebu nzima pamoja na mabaharia wake. Ndani wanakuta ardhi na msitu, na mzee mmoja kutoka Cyprus anayeishi humo na mwanawe kwa miaka 27, analima mboga na kuvua samaki. Mabaharia wanakaa zaidi ya mwaka mmoja na nusu kabla ya kuamua kuuchoma moto msitu. Nyangumi anapoanza kufa wanakizuia kinywa chake kwa magogo kisifumbe, wanatoka na merikebu yao. Huko ndiko kujenga dunia kunakonipendeza: kila kitu kinachohitajika ili kutoka kilikuwa kimeonyeshwa tangu mwanzo.

Carlo Collodi, Mwitaliano aliyeandika kisa cha Pinocchio kati ya mwaka 1881 na 1883, naye alijua siri hii. Filamu ya Disney ya mwaka 1940 imewafanya wengi waamini kwamba Geppetto, baba wa Pinocchio, alimezwa na nyangumi. Katika kitabu ni papa mkubwa, mwenye urefu wa zaidi ya kilomita moja bila kuhesabu mkia. Geppetto anaishi humo karibu miaka miwili kwa sababu papa alimeza pia meli ya biashara iliyojaa vyakula na mishumaa. Mwanawe anamkuta mezani, mshumaa wa mwisho ukiwaka. Na wanatokaje? Papa huyo ni mzee mwenye pumu, hulala kinywa wazi. Wanapita kwenye ulimi wakinyata. Nampenda pia samaki jodari aliyemezwa pamoja na Pinocchio, ambaye mwanzoni alikuwa amekubali kusagwa na kufa. Alipoona wengine wametoka, akawafuata, na ndiye aliyewabeba hadi ufukweni. Kumbe kilichomkosesha uhuru kilikuwa kukosa mfano.

Katika dunia halisi hakuna anayeishi tumboni. Chatu humkaba mnyama hadi damu yake isimame ndipo ammeze, na tumboni hakuna hewa. Nyangumi wakubwa wanaochuja vijidudu vya baharini wana koo jembamba lisiloweza kupitisha mtu. Mwaka 2021 mpiga mbizi mmoja katika pwani ya Massachusetts, Marekani, alijikuta kinywani mwa nyangumi wa aina hiyo, naye akatemwa akiwa hai. Kwa hiyo anayeandika fantasia ya kumezwa ndiye anayetoa hewa, mwanga na chakula. Akivitoa, avitolee kanuni na aifuate. Mwandishi anayesema ukurasa huu kwamba tindikali ya tumbo inayeyusha chuma, kisha ukurasa wa pili shujaa wake anatoka na nguo safi, hamheshimu msomaji wala shujaa.

Kisu kinapomkata aliyemo

Jambo la pili ninalolipenda limo katika mwisho wa hadithi ya Masala Kulangwa, mwisho ambao wasimuliaji wavivu huuacha. Alipokuwa akilipasua tumbo la Shing'weng'we, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani. Bibi huyo alitoka akiwa huru na akiwa na hasira. Hakushukuru; alitaka kulipiza. Wapo wasimuliaji wanaosema kijana alilazimika kutafuta dawa ya kumponya sikio kabla ya nchi kutulia na yeye kufanywa mtawala.

Wasotho wanasimulia kisa cha Kholumolumo, dude lililomeza watu wote likabaki limekwama kwa uzito wake kwenye njia ya mlimani. Huko nako alisalia mwanamke mmoja mjamzito, aliyejipaka majivu na kujificha. Mwanawe, Senkatana, alikua kwa muda mfupi wa ajabu, akaliua dude, akalipasua. Kisu kikamjeruhi mtu mmoja mguuni. Mtu huyo akamchukia mkombozi wake, chuki ikaenea, na mwisho Senkatana akauawa na watu walewale aliowatoa. Mwandishi wa Kisotho S. M. Mofokeng aliifanya habari hii kuwa tamthilia, Senkatana, iliyochapishwa mwaka 1952, wakati ambapo watu weusi wa Afrika Kusini walikuwa na kila sababu ya kuuliza maswali kuhusu dude linalomeza taifa na gharama ya kulipasua.

Hapa ndipo ninapoona ukuu wa masimulizi ya Kibantu katika utanzu huu. Anayetoka tumboni si mtu mmoja. Ni kijiji kizima na ng'ombe wake. Na kijiji kinapotoka, kinatoka na majeraha, na lawama, na watu ambao hawakuomba kukatwa. Hadithi hizi zinajua kwamba kuokoa ni kazi ya mikono, na mkono unaweza kukosea. Zinajua pia kwamba aliyeokolewa ana haki ya kusema ameumia. Fantasia nyingi za leo hukoma pale zimwi linapoanguka. Mimi nataka ukurasa unaofuata: nani anamfunga bibi sikio lake?

Wenye kuisoma Kurani wanakijua kisa cha Nabii Yunus, nacho nakitaja kwa heshima, kwa kuwa ni jambo la imani, si la kubuni. Anapotolewa tumboni mwa samaki hatupwi ufukweni kisha akasahauliwa. Anaelezwa kuwa alikuwa mgonjwa, na Mwenyezi Mungu akamwoteshea mmea wa jamii ya mung'unye. Mwandishi wa hadithi ana la kujifunza katika mpangilio huo: aliyetoka gizani anahitaji kivuli kabla hajarudishwa kazini.

Aliyemlisha paka

Pwani yetu ina hadithi yake, ile ya Nunda mla watu, iliyomo katika mkusanyo wa ngano za Unguja uliochapishwa na Edward Steere mwaka 1870. Andrew Lang aliiingiza katika kitabu chake cha mwaka 1901, na hivyo ikawafikia watoto wa Uingereza. Nunda alianza kama paka wa Sultani Majnuni. Alikula ndama. Watu wakalalamika. Sultani akajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Akala mbuzi, ng'ombe, ngamia, na kila mara jibu likawa lilelile. Akala watu. Mpaka alipowala wana wa Sultani mwenyewe ndipo mzee akatambua kwamba huyo si paka tena. Mwanawe mdogo, yule wa kukaa jikoni ambaye hakuna aliyemtarajia, ndiye aliyekwenda kumwinda, akileta mnyama mmoja baada ya mwingine hadi tembo, na mama akimwambia kila mara kwamba siye. Mbinu hiyohiyo ya kuuliza ndiyo tuliyoiona Usukumani.

Tofauti ni kwamba waliokwisha kuliwa na Nunda hawarudi. Kwa kipimo changu ningepaswa kuichukia hadithi hii. Siichukii, kwa sababu inawahesabu. Inataja kila kilicholiwa kwa mpangilio, inataja kila mlalamikaji aliyepuuzwa, na inamtaja aliyelifuga janga hadi likawa kubwa. Msikilizaji hapotezi hesabu hata kwa dakika moja. Hadithi inaweza kukataa kuwarudisha waliokufa na bado ikawakumbuka. Inachohitaji ni kusema wazi nani aliwaacha waliwe.

Kwa sababu hiyohiyo nimeheshimu kazi ya Hajime Isayama wa Japani, Attack on Titan, iliyoanza kuchapishwa mwaka 2009 na kumalizika mwaka 2021. Majitu yake yanakula watu bila njaa yoyote, hayanufaiki na chakula hicho, na yakijaa huwatapika waliokufa. Ni kali, wala simshauri mzazi aiweke mbele ya mtoto mdogo. Lakini wanaoliwa wana majina, wana mama, wana wenzao wanaobaki kuwalilia, na kifo cha mama wa shujaa mwanzoni kabisa kinaisukuma hadithi nzima.

Ninachokikataa

Sasa niseme nisichokipenda, bila kuzungukazunguka.

Sipendi hadithi inayomlaumu aliyemezwa. Mfaransa Charles Perrault, alipochapisha kisa cha msichana mwenye kofia nyekundu mwaka 1697, alimaliza mbwa mwitu akiwa ameshamla bibi na mjukuu, kisha akaongeza mafunzo kwa wasichana wasiwasikilize wageni. Mbwa mwitu hakupata adhabu. Ndugu Grimm wa Ujerumani, katika toleo lao la mwaka 1812, walimleta mwindaji. Mwindaji anainua bunduki, kisha anasita: huenda bibi bado yu hai humo ndani. Anachukua mkasi badala yake. Kwangu kusita huko ndiko kunakoifanya hadithi ya Grimm kuwa kubwa kuliko ya Perrault. Ni mtu mwenye silaha mkononi aliyewafikiria waliomo tumboni kabla ya kumfikiria adui.

Sipendi ukimya kuhusu maisha ya ndani. Katika masimulizi ya Wayunani, Kronos aliwameza watoto wake watano, Hestia, Demeter, Hera, Hades na Poseidon, kwa hofu kwamba mmoja wao angempindua. Zeus akafichwa, baba akapewa jiwe lililofungwa nguo, akalimeza. Baadaye akawatapika wote, jiwe likiwa la kwanza. Kisa cha Zeus kinaelezwa kwa kirefu. Lakini ndugu watano waliokaa gizani muda wote huo walifanya nini? Waliongea nini? Nani alimtuliza nani? Masimulizi hayo makubwa hayaulizi. Nimeona pengo hilohilo katika riwaya na filamu nyingi za leo: aliye nje ana historia, aliye ndani ana idadi tu.

Sipendi mateso yanayotajwa kwa ajili ya kusisimua na kuachwa hapohapo. Katika filamu ya Star Wars ya mwaka 1983, Return of the Jedi, kuna shimo jangwani lenye kiumbe kiitwacho Sarlacc, na tunaambiwa kwamba anayeingia humo husagwa polepole kwa miaka elfu moja. Ni wazo zito mno. Mhusika mmoja, Boba Fett, anaanguka humo kwa bahati mbaya, kwa namna ya kuchekesha, na filamu inaendelea na safari yake. Mashabiki hawakukubali, walimdai kwa miongo kadhaa, na mfululizo wa televisheni ulioanza mwishoni mwa mwaka 2021 ukalazimika kumwonyesha akipambana kutoka tumboni. Nalitaja hilo kwa furaha. Wasomaji na watazamaji wana kumbukumbu, na mwandishi anayemtupa mtu tumboni ataulizwa.

Na sipendi, tena sana, tunavyozitumia hadithi hizi majumbani. Mtoto akilia usiku anaambiwa zimwi litakuja kummeza. Akikataa kula, zimwi. Akichelewa kurudi, zimwi. Tunachukua nusu ya kwanza ya hadithi, ile ya kumezwa, tunaiacha nusu ya pili. Mtoto analala na tumbo la zimwi bila kisu cha Unanana, bila mama wa Masala Kulangwa, bila hata mshumaa wa Geppetto. Wazee walioziweka hadithi hizi hawakuziacha zikakatikia hapo. Walijua mtoto atakutana na yanayomeza: ugonjwa, vita, deni, ulevi wa baba, upweke wa mjini. Walitaka akutane nayo akiwa ameshasikia kwamba tumbo hupasuliwa, na kwamba anayelipasua mara nyingi ni yule ambaye hakuna aliyemtarajia: mtoto wa jikoni, kijana wa makapi, mama aliyetoka kutafuta kuni.

Kazi iliyo mbele yetu

Waandishi wa Kiswahili wana ghala hapa. Wanaweza kuandika riwaya nzima inayotokea tumboni mwa Shing'weng'we, kutoka siku kijiji kilipomezwa hadi siku mwanga ulipoingia: nani alishika uongozi humo gizani, nani alizaa, nani aliapa kwamba nje hapakuwahi kuwepo. Wanaweza kumwandika bibi wa sikio, kwa sauti yake mwenyewe, bila kumfanya mchawi wala mjinga. Wanaweza kumwandika mtu wa soko aliyekwenda mara ya kwanza kumlalamikia Sultani kuhusu paka. Wachapishaji wa vitabu vya watoto nao waache kuzipunguza ngano hizi hadi zikabaki picha ya zimwi na ukurasa wa mafunzo. Mtoto anaweza kuubeba mwisho wenye jeraha. Anachoshindwa kuubeba ni hadithi isiyokwisha.

Na wewe msomaji, kama una bibi au babu anayejua ngano ya kumezwa ya kwenu, mwombe akusimulie tena, umwache afike mwisho, na uiandike. Muulize waliomezwa walikuwa kina nani, walikula nini, nani aliwatoa na nani aliumia wakati wa kutolewa. Kisha wasimulie watoto wako hadithi nzima.